Maurice Murunga na Ukumbi wa Burma

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa mliosafiri kutoka Malava na ambao kesho tutarudi nanyi, majirani wa Mashimoni, Kianda na Kawangware, nanyi wanachama wa Chama cha Wapenda Historia mlioketi safu ya mbele mkiwa mmevaa fulana zenye picha ya ndugu yangu, mimi naitwa Sella Murunga, dada mdogo wa marehemu, mpishi katika shule moja ya msingi kule Kianda, na ndimi niliyechaguliwa na familia kuwasomea maisha yake leo, Alhamisi tarehe 13 Februari 2025. Kamati ya mazishi ilikuwa imeniandikia ukurasa mmoja wenye maneno mepesi, nikaukunja nikautia mkobani, kwa sababu ndugu yangu alipenda tarehe na mahali, na ukurasa ule ulikosea hata siku aliyozaliwa. Kwa hiyo mtanivumilia, dakika kumi hazitatosha, na MC tafadhali asinioneshe saa.

Marehemu Maurice Murunga alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 katika kijiji cha Samitsi, karibu na Malava, akiwa wa kwanza kati ya sisi wawili tuliofika utu uzima, watoto wa marehemu Mzee Fredrick Murunga na marehemu Mama Rosebella. Alilelewa zaidi na babu yetu, Murunga mwana wa Nambwaya, kwa kuwa baba alikuwa Nairobi akilinda lango la watu. Babu alichechemea mguu wa kushoto na hakuwa msemaji, lakini mara moja moja, jioni akiwa na kiko chake, alitaja Burma kwa maneno mawili matatu, kwamba kulikuwa na matope, kwamba kulikuwa na mto mpana, kwamba aliuvuka akiwa na mzigo kichwani huku watu wakianguka kulia na kushoto, kisha akaomba moto. Alifariki Agosti 1979, na hayo ndiyo yote aliyotuachia. Bunduki hakuitaja hata siku moja, bunduki aliiongeza Maurice mwenyewe.

Alianza darasa la kwanza Januari 1975 katika shule ya kijijini, akafanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 1981, akajiunga na kidato cha kwanza mwaka 1982 na kuondoka mwisho wa 1983, karo iliposhindikana. Katika miaka ile miwili alipenda somo moja tu, historia, na ni katika somo hilo alipoinua mkono siku moja, mwalimu akiwa anaeleza vita vya Burma kati ya Waingereza na Wajapani, akasema kwamba babu yake alikuwako, naye mwalimu akamwuliza, "Yuko ukurasa gani?" na darasa zima likacheka. Alinisimulia jambo hilo mara nyingi tukiwa watu wazima, na kila mara alilisimulia kana kwamba lilitokea asubuhi ile ile. Mkitaka kujua ndugu yangu alikuwa akitafuta nini katika maisha yake yote, alikuwa akimtafutia babu ukurasa.

Februari 1987 alikuja Nairobi, akafikia chumba cha baba huko Mashimoni, akajifunza useremala kwa fundi mmoja wa vitanda, na kwa miaka kumi alitengeneza viti, makabati na milango, kazi safi ambayo wengi wenu mnaikalia hata leo. Kisha tarehe 12 Julai 1997, siku ya Jumamosi, alifungua kibanda cha vidio Kianda, humo humo Kibera, mabati pande nne, mabenchi kumi na manne aliyoyaranda kwa mikono yake, televisheni moja na deki moja, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu neno moja, BURMA. Vibanda vya vidio vilikuwa vingi Kibera wakati huo, watu wakionesha karate na mapenzi, lakini Maurice alionesha aina mbili tu, filamu za vita na filamu za kauboi, na watu walimwambia kwamba hatafika Krismasi. Alifika Krismasi ishirini na tano.

Alifika kwa sababu ya sauti yake. Filamu zile zilikuwa za Kiingereza cha puani ambacho hakuna aliyekielewa, basi yeye alisimama kando ya televisheni akiwa na kipaza sauti na kutafsiri papo hapo, jenerali akisema sentensi moja yeye alisema tatu, farasi akianguka alimpa pole. Katika filamu za kauboi, ambamo wazungu wanaingia nchi ya watu na magari ya turubai, wanapima, wanazungusha ua, na wenyeji wenye manyoya kichwani wanapigwa risasi mbali huko milimani bila hata kuitwa jina, Maurice aliwapa majina, huyu Mzee Lusweti, yule Karanja wa mtoni, na alisema wake zao wanawangoja nyumbani na chakula kinapoa. Nimeona kwa macho yangu wanaume wa mjengo wakifuta machozi kwa ajili ya Mzee Lusweti. Katika filamu za vita alifanya jambo jingine, alikuwa akitazama nyuma, si mbele, pale ambapo hakuna mtu anayetazama, na kama bandarini akipita mtu mweusi na kreti begani kwa sekunde mbili, Maurice alisimamisha mkanda, akaweka kidole kwenye kioo, na kusema, "Huyu pia alikuwa na mjukuu." Palikuwa na filamu moja ambamo mtu mweusi anawapakulia askari supu kutoka sufuria kubwa, anaonekana vizuri, hata uso, na hapo Maurice hakusimamisha kamwe. Mimi niliona hilo, nikaliweka moyoni.

Tarehe 9 Desemba 1995 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Angeline, aliyeketi pale kando ya jeneza, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Valary aliyezaliwa mwaka 1996 na Wycliffe aliyezaliwa mwaka 2001. Alikuwa mume mpole na baba mwenye maneno mengi. Angeline ameniruhusu kusema kwamba kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitano alikuwa mjane kuanzia saa nane mchana, na alizoea.

Jumamosi hizo ndizo zilizozaa Chama cha Wapenda Historia. Walianza wanaume wanne waliokuwa wakibishana baada ya filamu, wakawa kumi na wawili, na mwenyekiti wao akawa Mwalimu Chege, mstaafu wa kufundisha historia, mtu wa miwani na faili, na mlezi wao akawa Bwana Simeon Kagiri, mwenye ploti hapa Kawangware, ambaye mwaka 2011, akiwa amechoka kuvuka hadi Kianda, alimpa Maurice chumba kikubwa kwenye ploti yake, na Burma ikahamia huku. Walibishana kuhusu mambo ambayo mwanamke mwenye kazi hawezi kuyafahamu, eti bastola ya risasi sita imepiga mara kumi na saba, eti kofia ile ilianza kuvaliwa miaka miwili baada ya vita, eti kauboi yule amefunga farasi fundo la mabaharia. Kanuni aliitunga Maurice mwenyewe, akaiandika kwa chaki ukutani, kwamba yeyote aweza kuinua mkono na filamu ikasimama, lakini anayesema kwamba jambo si kweli sharti alete ushahidi Jumamosi inayofuata, kitabu au karatasi au mzee aliyeona, na atakayeonekana amekosea, awe nani, atasimama mbele ya watu na kusema neno moja, "Nilikosea," na mambo yataishia hapo. Bwana Kagiri alisimama kwa ajili ya kofia. Mwalimu Chege alisimama mara mbili. Ilikuwa kanuni nzuri, na naitaja kwa heshima, kwa sababu hapa mjini sijaona wakubwa wengi wanaosema neno hilo.

Sasa nitasema jambo ambalo kamati haikuliandika. Baba yetu, Mzee Fredrick, alilinda lango moja kwa miaka thelathini na mmoja, mvua na baridi, akafa mwaka 2003 akiwa na koti la kazi, na katika Burma hakutajwa hata siku moja. Babu alitajwa kila Jumamosi. Babu alivuka mto na bunduki, babu alimkamata Mjapani kwa kola, babu alipigwa risasi mguuni akaendelea kupiga, kila mwaka babu aliongezewa kitu kama ghorofa za Kawangware. Mimi nilikuwa na sanduku la bati la mama, na mama aliniambia kabla hajafa kwamba babu alikuwa mpishi wa jeshi. Mpishi. Mimi hupikia watoto mia nne kila siku ya shule, githeri na ugali na maharagwe, na sikuona aibu yoyote kwa neno hilo, lakini nilijua kaka angeiona, basi nikanyamaza, na unyamavu huo ukawa kinyongo.

Mwaka 2022 chama kilipanga sherehe ya miaka ishirini na mitano ya Burma, na Mwalimu Chege akaja kwangu kuomba kitu chochote cha babu cha kutundika ukutani. Nilifungua sanduku nikampa karatasi ya kuachishwa jeshi, iliyokunjwa mara nne, na nilijua kilichoandikwa mbele yake, kwa kuwa Kiingereza cha kusoma neno mpishi ninacho. Nisiseme kwamba sikujua ninachofanya. Nilitaka Maurice ashuke kidogo, akae nasi chini, watoto wa soja wa lango na wajukuu wa mpishi, basi. Mwalimu Chege, kwa kuwa ni mtu wa kutunza vitu, aliipeleka kwa fundi wa fremu, ikabandikwa kwenye ubao na kuwekewa kioo ili isiharibike.

Jumamosi tarehe 16 Julai 2022, mbele ya watu zaidi ya sitini, filamu ya vita ikiwa imesimamishwa na Maurice akisimulia babu alivyovuka mto, Mwalimu Chege aliinua mkono. Alisimama na fremu, akasoma kwa sauti ya darasani, namba ya askari, Murunga mwana wa Nambwaya, aliandikishwa Kakamega mwaka 1942, kazi yake mpishi, kituo chake kambi ya Gilgil, akaachishwa mwaka 1946, tabia njema. Kisha akasema kwamba kwa masikitiko makubwa ushahidi hauoneshi Burma, ushahidi unaonesha Gilgil. Hapo Bwana Kagiri akasema, nami nayarudia kama yalivyosemwa kwa sababu mlikuwako, "Ala, kumbe guka, huyo babu yako, alikuwa anapigana na sufuria!" na mmoja nyuma akaongeza, "Buda, Gilgil ni hapo tu, ungetuambia twende picnic," na ukumbi ukapasuka kwa kicheko, watu wakipiga mabenchi yale aliyoyaranda mwenyewe. Kanuni ilisema atakayekosea aseme neno na mambo yaishe, haikusema achekwe. Maurice aliitazama fremu kwa muda, akaja mbele, akasema, "Nilikosea," na mkasimama mkapiga makofi na kucheka tena. Mimi nilikuwa mlangoni na mwiko mkononi, kwa kuwa pilau ya sherehe ile niliipika mimi. Ningeweza kusema kitu. Nilirudi kupakua, na watu wale wale waliomcheka mpishi wakapanga foleni na sahani.

Jumatatu iliyofuata alifunga Burma. Alipaka vanishi nyeusi juu ya lile neno jekundu, akagawa kanda na diski kwa aliyetaka, akarudi kwenye useremala, na fremu akaniletea ikiwa imefungwa kwa gazeti, akaiweka mezani na kuuliza kama watoto hawajambo. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Toka siku ile sikumsikia akitaja vita, wala kauboi, wala babu. Watu wa chama walihamia ukumbi mwingine wenye viti vya plastiki, nasikia kanuni waliiacha kwa sababu ilikuwa inachelewesha filamu.

Machi 2023 alianza kuvimba miguu, na Juni mwaka huo madaktari wakathibitisha kwamba figo zote mbili zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, Angeline au mimi tukimsindikiza. Katika chumba cha kungojea kulikuwa na televisheni ukutani, na siku moja ilikuwa ikionesha filamu ya vita, mizinga na moshi, wagonjwa wote wakitazama, na Maurice alimwomba Angeline amgeuzie kiti kielekee dirishani. Katika miezi hiyo ishirini alitembelewa na majirani wa Mashimoni, na watu wa kanisa, na maseremala wenzake waliokuja na zana zao begani moja kwa moja kutoka kazini. Kutoka kwenye chama chenu, ninyi ambao leo mmekuja na shada kubwa kuliko la familia, hakufika mtu, ila meseji moja siku ya Krismasi iliyotumwa kwa watu wote. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, akiamini kwamba alikuwa amewadanganya watu kwa miaka ishirini na mitano.

Jumanne hii, nikiandika historia hii, nilihitaji mwaka hasa ambao babu aliachishwa jeshi, maana Maurice asingenisamehe kuukosea. Nilitoa fremu chini ya kitanda, na kwa kuwa kioo kilikuwa na ukungu na sikuweza kusoma vizuri, niliita seremala mmoja, rafiki yake, akaing'oa misumari na kuibandua karatasi kwenye ubao polepole kwa kisu na maji. Upande wa nyuma una maandishi. Una mhuri wa jeshi, sahihi ya ofisa, na mistari minne ya wino ambayo haijafifia kwa kuwa haikuona jua, nami nimeitafsiri hivi: aliondoka Mombasa kwa meli mwaka 1943, alihudumu Seiloni, ndiyo Sri Lanka ya leo, alihudumu Burma, alijeruhiwa mguu wa kushoto mto Chindwin Desemba 1944 akipeleka chakula kwa askari wa mbele.

Aliuvuka mto, ndugu zangu. Mzigo kichwani ulikuwa sufuria. Gilgil ni mahali alipoandikiwa kazi kwanza, na yote yaliyofuata waliyaandika nyuma kwa sababu mbele nafasi ilikwisha. Watu kumi na wawili wanaobishana juu ya fundo la kamba ya farasi, wakiongozwa na mwalimu wa historia, walishika karatasi ya historia mikononi, wakaipendezesha kwa kioo, na hakuna hata mmoja aliyeigeuza. Ndugu yangu hakuigeuza, alikuwa akiogopa. Mimi nilikaa nayo sandukuni miaka mingi, nikasoma neno moja lililonifaa nikaikunja. Nina uchungu nanyi, sitaficha, na nina uchungu zaidi nami mwenyewe, kwa sababu karatasi hii ingembakiza hai hata kama figo zisingembakiza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa wale waliomwita kwa jina lake. Tunawashukuru majirani wa Mashimoni na Kianda kwa chai, uji na kuketi nasi, Kawangware kwa mahema na viti, Mchungaji na kina mama wa kanisa, na maseremala waliotengeneza jeneza hili kwa siku mbili bila kuulizwa, mtaona viungo vyake havina msumari. Wenzake wa Chama cha Wapenda Historia tunawashukuru kwa shada na kwa fulana.

Programu mliyo nayo inasema kwamba ni nyinyi mtakaobeba jeneza hadi kwenye gari. Sijawakataza. Lakini ile karatasi nimeiweka juu ya kifuniko, upande wa nyuma ukitazama juu, na kanuni ya mwenye ukumbi sijasikia aliyeifuta mbele yake. Mimi naanza. Nilikosea. Mwalimu Chege, tafadhali pita mbele, uisome kwa sauti ile ile, mistari yote minne, na Bwana Kagiri utafuata, na kila aliyepiga benchi siku ile, mmoja mmoja, mseme neno lile alilolisema yeye peke yake, ndipo mshike vishikio. Asiyeweza abaki kwenye kiti chake, maseremala wako tayari.

Maurice, kaka yangu, babu alifika. Pumzika kwa amani, mjukuu wa mpishi.